Kuogelea Bila Miwani

Kazi yake ilikuwa kuwatengenezea watu macho. Ndivyo mumewe alivyopenda kuwaambia wageni, naye kila mara alimsahihisha: si macho, ni miwani. Alikaa chumba cha nyuma cha duka, mbele ya mashine ya kusagia lenzi, maji yakichuruzika juu ya jiwe linalozunguka ili lenzi isipate moto. Vumbi jeupe liligeuka uji mwembamba na kumganda vidoleni. Mchana kutwa alitazama kingo za lenzi, mifereji ya fremu, skrubu ndogo kuliko punje ya ufuta. Kosa la unywele mmoja lilitosha kumpa mteja kizunguzungu. Yeye mwenyewe alivaa miwani tangu utotoni, minene kama kitako cha chupa, na akiivua hakuweza kutofautisha mtu na mlango.

Mtaani walimwita Fundi Macho. Alikuwa amevuka arobaini. Binti yake alikuwa mbali masomoni, na mumewe alikuwa fundi wa minara ya simu, mtu wa kupanda milima na kamba kiunoni, harudi nyumbani ila mwisho wa mwezi. Kwa hiyo nyumba ilikuwa ya watu wawili, yeye na mama mkwe wake.

Hawakuwahi kugombana, na pengine hilo ndilo lililokuwa tatizo. Waliishi kama wageni wawili kwenye chumba cha kumngojea daktari.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeamkaje?"

"Salama."

Basi, yameisha. Kila mmoja anakunywa chai yake, huyu anatazama dirisha, yule anatazama kikombe. Mama mkwe alikuwa ameutumia ujana wake wote kwenye kiwanda cha nguo, akisimama mbele ya mitambo ya kufuma asubuhi hadi jioni. Sasa miguu ilikuwa imevimba na mishipa imejichora juu yake kama mito kwenye ramani. Alitembea taratibu, kama mtu anayeogopa kukanyaga kitu cha kuvunjika. Lakini hakulalamika. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na macho mengi.

Mambo yalianza na mteja mmoja. Alikuwa mzimamoto mstaafu, mwenye masharubu mawili marefu yaliyoning'inia huku na huku mdomoni, ndiyo maana mji mzima ukamwita Kambare. Alileta miwani yake iliyovunjika mkono, na wakati akingoja, akabandika tangazo kwenye kioo cha duka bila kumwomba mtu ruhusa. Fundi Macho akatoka na miwani iliyokwisha kutengenezwa, akasimama kulisoma.

"Kuogelea, baiskeli, kisha kukimbia. Yote siku moja?"

"Siku moja, mfululizo, hakuna kukaa. Wenyewe wanaita triathloni. Sisi huku tunaita tatu kwa moja, kama sabuni."

"Na nani mwenye akili timamu anafanya hivyo?"

"Wamo wengi tu. Unajua kuogelea?"

"Sijui hata kuelea."

"Basi umefika mahali penyewe," akasema Kambare, ingawa yeye ndiye aliyekuja dukani. "Nafundisha watu wazima kwenye bwawa la manispaa, asubuhi kabla ya kazi. Njoo. Maji hayaumi."

Baadaye watu walipomuuliza kwa nini alikwenda, alitoa sababu kulingana na muulizaji. Daktari alimshauri. Sketi zilikuwa zinambana. Alitaka kufika hamsini akiwa na pumzi. Ukweli ni kwamba jioni ile, akinawa ule uji wa lenzi, aliyaacha maji ya bomba yamwagike vidoleni muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Akatamani yapande mpaka kwenye viwiko, kisha mabega, kisha yamfunike kabisa.

Asubuhi ya kwanza alisimama ukingoni mwa bwawa akiwa amejifunga taulo mpaka kidevuni. Akavua miwani, akaiweka ndani ya kiatu, na dunia ikayeyuka. Ukuta wa vigae ukawa wingu. Kambare akawa doa la buluu lenye sauti. Akashuka ngazi moja moja, baridi ikampanda magotini, kiunoni, ikamkaba kifuani akaguta, na lile doa likacheka.

"Pumua kwanza. Huko kwingine tutafika."

Siku za mwanzo alikunywa maji mengi kuliko aliyoyaogelea. Alitapatapa, alikohoa, aliipiga teke ngazi mpaka kidole kikaota weusi. Halafu asubuhi moja, hata hakujua ilivyotokea, mwili uliacha kubishana. Aliusikia ukilegea kuanzia shingoni kwenda chini, kama fundo linalofunguka lenyewe. Masikio yalikuwa ndani ya maji, na ndani ya maji kulikuwa na mvumo mdogo usio wa mtu wala wa mashine. Juu yake mwanga ulitoka kwenye madirisha marefu ukiwa hauna kingo, umejimwaga tu, njano ikiingia ndani ya nyeupe na nyeupe ndani ya kijani. Yeye aliyelipwa kwa kuona mistari akawa amelala ndani ya kitu kisicho na mstari hata mmoja.

"Wewe si ndiye fundi?" Kambare alimuuliza siku moja. "Jitengenezee miwani ya kuogelea yenye lenzi zako. Utaogelea kama kipofu mpaka lini?"

"Mchana kutwa naona," akamjibu. "Huku niache nisione."

Nyumbani hakusema kitu. Lakini vazi la kuogelea halina siri, lazima lianikwe. Jioni moja alimkuta mama mkwe amesimama chini ya kamba ya nguo, mikono nyuma, akilichunguza kama mkaguzi wa kiwanda.

"Hii nguo ya nani?"

"Yangu, mama."

"Na iliyobaki iko wapi?"

Fundi Macho alitaka kucheka, akakiona kile kidevu kilivyokaza, akakimeza kicheko. Akaeleza yote: bwawa, mashindano, Kambare. Mama mkwe akasikiliza mpaka mwisho.

"Mume wako yuko juu ya minara huko, wewe uko ndani ya maji na mwanamume mwenye masharubu. Watu watasema."

"Waseme, mama. Mimi sitaacha."

Lilimtoka kabla hajalipima. Katika miaka yote ya ndoa yake hakuwahi kumjibu mama mkwe hivyo. Mama mkwe alilitoa vazi kwenye kamba, akalikung'uta, akalianika upya kwa ndani nje ili jua lisilichubue rangi, akaingia zake jikoni.

Kesho yake alfajiri, Fundi Macho alipofungua mlango atoke, alimkuta mama mkwe barazani amevaa viatu, mkoba begani.

"Twende nikaone mwenyewe," akasema.

Alikaa kwenye benchi la ukumbi wa bwawa akiwa wima kama shahidi mahakamani. Kambare alimsalimu kwa adabu zote. Baada ya kumtazama kidogo, yule mzimamoto aliiona ile miguu iliyovimba ikiwa imebanwa kwenye viatu.

"Mama, vua viatu ukae hapa ukingoni. Tia miguu tu. Asiyefanya mazoezi haruhusiwi kukaa benchi, ni sheria."

Haikuwa sheria. Aliitunga palepale. Lakini mama mkwe alikuwa mtu wa kiwanda na sheria alizielewa. Alivua viatu, akakunja gauni magotini, akaishusha miguu majini.

Fundi Macho alikuwa katikati ya bwawa, hakuona lolote ila doa la zambarau ukingoni. Lakini alisikia. Alisikia pumzi ndefu, nzito, ikitoka kama ya mtu aliyetua mzigo. Alipoogelea mpaka karibu, akaushika ukingo, akaikaribia ile sura mpaka ikapata macho na mdomo, aliona mama mkwe analia bila kujificha.

"Haiumi," mama mkwe akasema, akiitazama miguu yake. "Hee! Haiumi kabisa."

Tangu siku ile Fundi Macho hakuhitaji saa ya kumwamsha. Mlango wa chumba chake uligongwa hata jogoo hawajajipanga. "Wewe! Unalala, maji yanapoa!" Mama mkwe alijinunulia vazi lake, refu lenye mikono, na akawa anatembea kwenye kina kifupi kutoka ukuta hadi ukuta, kifua mbele, akiyasukuma maji kama mtu anayepita sokoni siku ya gulio. Alipotoka, miguu ilikuwa myepesi mpaka saa za chai.

Mume alirudi mwisho wa mwezi, akasimama uani akitazama mavazi mawili ya kuogelea kwenye kamba moja, dogo na kubwa, yakidondosha maji kwa pamoja.

"Jamani," akasema, "nimeacha nyumba ya heshima, nimekuta chuo cha michezo."

"Lete hiyo baiskeli yako ya zamani," mama yake akamkata. "Ipo tu stoo inakula kutu. Mkwe wangu anaihitaji."

Mume akamtazama mama yake, akamtazama mkewe, akajiuliza hawa wawili wameanza lini kuelewana. Kisha akatoa baiskeli stoo. Alishinda nayo siku nzima, akabadilisha tairi, akatia mnyororo mafuta, akashusha kiti, akaminya breki na kusikiliza. Jioni alimshika mkewe kiti kwa nyuma akikimbia naye barabarani kama baba na mtoto, hadi mkewe alipogeuka kumwambia amwachie, akamkuta amesimama mbali sana, mikono kiunoni, anacheka.

Baiskeli ilikuwa ulimwengu wa aina nyingine. Aliendesha asubuhi zile za ukungu, wakati barabara ya kuzunguka ziwa la mji iko tupu. Miwani nayo ilipata ukungu, akawa anapita ndani ya maziwa mepesi, miti ikijitokeza mmoja mmoja, inamsalimu, inarudi ilikotoka. Kwenye miteremko aliacha pedali na kusikia mnyororo ukiimba tiki-tiki-tiki, na tumbo likabaki nyuma kidogo. Mara nyingine alijikuta amefika mahali bila kukumbuka njia. Si kwamba aliwaza mambo makubwa. Aliwaza rangi ya lami iliyolowa, au hakuwaza kitu.

Kukimbia ndiko kulikomshinda kupenda. Mbavu zilichoma, magoti yalilalamika. Alikimbia kwenye njia ya vumbi nyuma ya kiwanda cha matofali, joto la matanuri likimpapasa shavu moja na upepo wa ziwani shavu la pili. Halafu hata huko, polepole, ikaja siku ambayo alisikia pumzi na hatua vimepatana, na akaipita nyumba yake akaendelea, kwa sababu kusimama kungekuwa kama kumkatiza mtu maneno.

Kazini lenzi zilitoka safi zaidi. Mwenye duka alisema mikono yake imetulia. Aliona pia kwamba alipokuwa akisaga, akili ilikuwa inakwenda kwenye maji na kurudi, inakwenda na kurudi.

Mazoezi yalipohamia ziwani, tatizo likajitokeza. Bwawani kuna kuta, ziwani hakuna. Bila miwani, Fundi Macho aliona anga lenye kung'aa juu na anga jingine chini yake, na yeye katikati. Aliogelea mduara mzuri sana akarudi alikotoka, akidhani amevuka.

Mama mkwe ndiye aliyepata dawa. Alileta mwavuli wake mwekundu, mkubwa, akasimama nao pale ambapo waogeleaji wanatakiwa kutokea. "Ukiinua kichwa, tafuta nyekundu. Mimi ndiye nyekundu." Ikafaa. Kila alipoinua kichwa kuvuta pumzi, aliona tone la rangi limetundikwa kwenye ukungu wa dunia, akalifuata.

Baada ya kuogelea walikaa ufukweni na chupa ya chai. Hapo ndipo mama mkwe alipoanza kuzungumza.

"Kiwandani kulikuwa na kelele, huwezi kusikia hata kifua chako mwenyewe kikikohoa," alisema asubuhi moja. "Tulisemezana kwa midomo na vidole tu. Nikirudi nyumbani, sauti sina. Nimeisahau. Baba yake mumeo alikuwa akiniuliza, umenuna? Sikununa. Nilikuwa nimezoea hivyo."

Fundi Macho alishika kikombe kwa mikono miwili.

"Na mimi nilidhani hunipendi, mama."

"Na mimi nilidhani unaniogopa."

"Nilikuwa nakuogopa."

Wakatazamana, kisha wakaangua kicheko, mama mkwe akijipiga paja, mpaka ndege waliokuwa kwenye matete wakaruka.

Siku ya mashindano ufuko ulijaa. Vijana wenye misuli, walimu wa shule, wauguzi, mwokaji mikate na mkewe, watu wa kila umbo wakiwa wamevaa kofia za mpira vichwani kama mayai. Mume alikuwa amepangiwa mnara wa mlimani juu ya ziwa, asingeweza kuteremka mpaka alasiri. Baiskeli zilipangwa kwenye uzio. Fundi Macho akamkabidhi mama mkwe miwani yake.

"Kumbuka," mama mkwe akasema, akifungua mwavuli. "Nyekundu."

Njia ilikuwa rahisi: kwenda hadi boya kubwa la njano katikati ya ziwa, kulizunguka, kurudi ufukweni. King'ora cha gari la zimamoto kikalia, na maji yakachemka kwa viwiko na visigino. Fundi Macho akaacha wenye haraka watangulie. Kisha akajilaza na kuanza.

Akalifikia boya kwa kufuata kishindo cha wenzake. Akaligusa, akalizunguka. Wengine wakazidi kwenda, kishindo kikapungua, kikapotea. Akainua kichwa. Ukungu, mng'ao, na kule mbali, tone jekundu. Akaligeukia.

Hakuwahi kuogelea vizuri kama wakati ule. Maji yalikuwa na tabaka, la juu vuguvugu na la chini baridi, na mkono wake ulipita kwenye yote mawili kila alipouvuta. Jua lilipenya na kujinyoosha chini yake kama nyuzi kwenye kitanda cha kufumia. Alisikia mluzi mwembamba kwa mbali, akaona ni ndege mzuri sana yule, ana bidii. Mabega yalifanya kazi yao bila kumsumbua. Akawaza kwamba kama kuna mahali pa kuishi, ni hapa, kati ya pumzi moja na nyingine. Kila alipoinua kichwa, nyekundu ilikuwa imekua kidogo. Alishangaa tu kwamba ufuko unachelewa kufika, wala mshangao wenyewe haukumtia wasiwasi.

Mkono ukagusa tope. Akasimama, maji yakimfika mapajani, akafuta uso na kunyoosha mikono kwenye ile nyekundu.

"Mama! Nimefika!"

"Mama yupi?" ikauliza sauti ya mwanamume.

Fundi Macho akashusha mikono.

"Hapa si mwisho wa kuogelea?"

"Mashindano yako kule ng'ambo, dada yangu. Hapa ni aiskrimu."

Akakodoa macho. Mwavuli ulikuwa mwekundu kweli, ila chini yake kulikuwa na doa jeupe, sanduku la magurudumu, na doa refu la kahawia, mwuzaji mwenyewe.

"Ya nini?" Fundi Macho akauliza.

"Ya ndizi na ya nazi."

Akasikia anachokizungumza. Kicheko kikamtoka tumboni, kikampinda, akalazimika kushika magoti yake ndani ya maji. Mwuza aiskrimu naye akacheka, kwanza kwa adabu, kisha kwa moyo wote. Hapo ndipo mtumbwi ulipofika, Kambare akipiga kasia, filimbi ikining'inia katikati ya masharubu.

"Fundi! Unakwenda wapi wewe? Nimepuliza filimbi mpaka mashavu yamekufa ganzi!"

"Nilidhani ni ndege."

"Ndege!" Kambare akaketi, akahema. "Haya. Umbali huu ni mara mbili ya ule ulioandikiwa. Ukiugusa mtumbwi umejitoa, nakurudisha sasa hivi, chai inakungoja. Hakuna atakayekulaumu."

Fundi Macho alihisi mikono yake. Ilikuwa mizito, imejaa, lakini ilikuwa yake. Akatafuta ndani ya kifua chake ile aibu aliyotarajia kuikuta. Hakuiona. Alichokikuta ni furaha ya kijinga, kama ya mtoto aliyeambiwa arudie kuteleza kwenye mteremko.

"Nani anataka kuugusa?" akasema. "Sogea nipite."

"Basi nitakaa upande wako wa kulia niimbe. Ukiacha kunisikia, ujue umepotea tena."

Kambare aliimba vibaya mno, kama mlango usiotiwa mafuta. Fundi Macho akaogelea kando ya ule wimbo. Alipochoka aligeuka chali, akapiga miguu taratibu na kutazama anga, nyeupe tupu, isiyo na mwanzo. Akageuka tena. Ziwa zima lilikuwa lao wawili. Hata ufuko ulipoanza kuwa na rangi, alipunguza mwendo kidogo. Hakuwa na haraka ya kufikishwa.

Mama mkwe alikuwa ameingia majini mpaka magotini, na gauni lake na mwavuli wake.

"Ulikuwa wapi?"

"Nilikwenda kwenye aiskrimu, mama."

Mama mkwe alifuta miwani kwa upindo wa gauni, akamvalisha mwenyewe, akiichomeka nyuma ya masikio kwa vidole viwili. Dunia ikarudi na kingo zake zote: majani, mawe, mikunjo ya uso ule uliokuwa karibu kabisa na wake, na macho yaliyokuwa mekundu.

"Nilidhani umezama," mama mkwe akasema. "Nenda. Baiskeli yako imebaki peke yake, inatia huruma."

Kweli ilibaki peke yake kwenye uzio. Akaipanda akiwa bado anadondosha maji. Barabara ya kuzunguka ziwa ilikuwa wazi, na baada ya ule ukungu wa majini kila kitu kilimjia kikiwa kimesagwa na kung'arishwa: nyufa za lami, mchwa wakivuka, unyoya uliokwama kwenye waya. Aliona utando wa buibui kwenye kibao cha barabara na akageuza shingo kuufuata. Upepo ukamkausha. Hakumwona mshindani yeyote mbele wala nyuma, na ilikuwa kama barabara imefunguliwa kwa ajili yake. Kwenye mteremko mrefu akaachia pedali, akatanua viwiko, akapiga ukelele.

Aliposhuka akimbie, miguu haikuwa yake. Ilikuwa ya kuazima kwa mtu mwingine, mnene, asiyetaka kukimbia. Akaiburuta. Waandalizi walikuwa wameanza kukusanya vibao vya njia. Mmoja alisimama na kibao kifuani, akamwonyesha njia kwa kidevu. Kwenye meza ya maji vikombe vilikwishafungwa, mama mmoja akamnywesha kwa jagi. Mbavu zikaanza kuchoma. Kisha, baada ya kiwanda cha matofali, pumzi na hatua zikakutana, na akaona anaweza.

Kabla ya kukiona kituo cha mwisho alisikia ugomvi.

"Mama, tafadhali. Gari la kubebea meza linangoja."

"Lingoje."

"Watu wote wameshamaliza."

"Wote wepi? Mkwe wangu ameshamaliza?"

Akapinda kona. Utepe wa mwisho ulikuwa umeviringishwa, viti vimepangwa kimoja juu ya kingine, na kwenye meza ya waandalizi, katikati kabisa, alikuwa amekaa mama mkwe wake, mwavuli umelazwa magotini kama bunduki ya mlinzi.

"Nimesimama kiwandani ujana wangu wote," alikuwa akimwambia mwandalizi mwenye kofia. "Leo nimekaa. Hanisimamishi mtu."

Kisha akainua macho akamwona. Akateremka mezani bila kusaidiwa, na sauti ikamtoka, sauti ambayo Fundi Macho hakujua kwamba imo ndani ya mwili ule, ikapiga maji ikarudi:

"Huyo! Huyo anakuja! Mkwe wangu huyo!"

Mwandalizi akakimbilia kuuviringua utepe. Kambare akaiga king'ora kwa mdomo. Watu waliokuwa wakipakia baiskeli wakaacha, wakapiga makofi, wengine hawajui wanampigia nani. Fundi Macho akaupita utepe ambao ulikuwa umeshikwa upande mmoja tu, akaenda moja kwa moja kwenye kifua cha mama mkwe, wote wawili wakayumba, nusura waanguke.

"Umekuwa wa mwisho," mama mkwe akamnong'oneza sikioni.

"Najua."

"Wa mwisho kabisa. Hakuna hata mmoja nyuma yako." Alilisema kama anayetaja cheo.

Simu ikaita kwenye mkoba. Ilikuwa ya mume, upepo ukivuma ndani yake.

"Nipo juu ya mnara," akasema, "tangu asubuhi nawatazama. Vidoti vyote vinakwenda kushoto, kidoti kimoja kinakwenda kulia. Nikawaambia wenzangu, mnakiona kile? Kile ni mke wangu."

"Kwa nini hukunipigia?"

"Ndani ya maji? Halafu ulionekana huna shida. Nateremka sasa hivi. Leo napika mimi."

Medali ya kumaliza ilikwenda nyumbani shingoni mwa mama mkwe, naye hakuivua hata alipoingia jikoni. Fundi Macho alioga, akajilaza kitandani jua likiwa bado kwenye dirisha, miwani ikiwa juu ya meza. Dari likayeyuka. Alifumba macho na kitanda kikaanza kupanda na kushuka kidogo kidogo, kwa sababu mwili ulikuwa bado uko ziwani na haukuwa na nia ya kutoka. Jikoni mama na mwana walikuwa wakibishana kuhusu vitunguu. Mwana alisema vimeiva, mama akasema havijaiva, tena kwa sauti ya juu, tena kwa maneno mengi. Akataka kuamka awaamue. Akasikiliza kidogo, akageukia upande wa pili, na usingizi ukamchukua taratibu.